Kuosha injini ya gari bila kuiharibu: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Kisumu

Tunaosha magari Mamboleo, kando ya barabara inayopanda kuelekea Kakamega. Jirani yetu ni fundi wa umeme wa magari, na ujirani huo umetufunza mengi, maana gari lililooshwa vibaya chini ya boneti huondoka kwetu likiwa safi, kisha humfikia yeye likivutwa kwa kamba. Maswali haya ni yale wateja wanayotuuliza wakiwa wamesimama na funguo mkononi, hawajaamua. Tumeyajibu kwa urefu pale jambo linapotaka urefu.

Kuna haja gani ya kuosha injini? Si ni chuma tu, na hakuna anayeiona?

Haja ipo, ila si ya urembo. Injini chafu huficha mambo. Vumbi la murram likikutana na oili inayovuja kidogo kidogo kwenye gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, hugeuka tope jeusi, zito. Likishakauka, hakuna awezaye kukuambia oili inatoka wapi. Huenda ni gasketi, huenda ni sili ya krenki, huenda ni fundi aliyemwaga oili siku ya savisi akafunga boneti bila kupangusa. Kwa macho, yote matatu yanafanana.

Mteja wetu mmoja, mwalimu anayetoka upande wa Luanda, alikuwa akiongeza maji kwenye rejeta kila Jumapili kwa muda mrefu. Mafundi wawili walikuwa wamemtajia hedi gasketi, ile iliyo katikati ya injini, na alishaanza kukusanya pesa za kufungua injini. Tulipoosha, tukakuta chini ya klipu ya paipu ya rejeta kigaga cha waridi, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Kulant, yaani maji ya dawa ya kupoza injini, ikivuja na kukauka huacha alama ya namna hiyo. Klipu ilikuwa imelegea. Ikakazwa kwa bisibisi, na mwalimu hajaongeza maji tena.

Ndiyo maana sisi husema injini huoshwa ili ionekane. Mengine ni faida za juu: paipu za raba zisizolowa oili hudumu zaidi, na oili isiyodondokea egzosti ya moto haiwezi kuanzisha moto.

Mvua ya huku hunyesha karibu kila jioni na gari halizimiki. Kwa nini maji ya kuosha yadhuru?

Swali zuri. Maji ya mvua hufika kwenye injini kutoka chini, kama matone yanayorushwa na magurudumu, hayana nguvu. Watengenezaji waliyategemea, ndiyo sababu kila soketi ya waya ina raba ndogo ndani ya kuzuia unyevu. Raba hiyo huzuia matone. Haikutengenezwa izuie maji ya mashine yanayopigwa kutoka umbali wa shubiri moja.

Kisha kuna umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, na mengi huja yakiwa yamekaribia mpaka huo. Ukilitumia miaka mingine sita, raba za soketi zimeshakauka, na vishikio vya plastiki vimevunjwa na mafundi waliokuwa na haraka. Soketi inaonekana imefungwa, kumbe imekaa tu. Hapo ndipo maji hupenya. Kabla ya kumwaga tone lolote, tunapitisha kidole kwenye kila soketi tunayoweza kuifikia na kuisukuma tusikie ikilia tiki. Isiyolia tunaifunika.

Injini iwe imepoa kiasi gani?

Kiasi cha kuweka kiganja juu ya tapeti kava, uhesabu polepole hadi kumi bila kutaka kuondoa mkono. Ukishtuka ukifika tatu, ngoja.

Gari likitoka barabarani, maji ya injini huwa karibu digrii 90, na egzosti huwa na joto la mamia ya digrii. Maji baridi yakipiga chuma cha namna hiyo, upande mmoja hunywea haraka kuliko mwingine, na chuma huweza kupasuka. Egzosti za chuma cha kuyeyushwa ndizo huumia zaidi, na sensa ya oksijeni iliyochomekwa kwenye egzosti nayo ina kauri ndani. Hata pasipopasuka kitu, sabuni hukauka juu ya chuma moto kabla haijafanya kazi, ikaacha madoa. Pia anayeosha anaweza kuungua kwa mvuke.

Kwa hiyo ukija kutoka Ahero au Maseno, tutakuomba ufungue boneti, ukae kivulini kama dakika arobaini. Wateja wengine hukasirika. Tunawaomba radhi, lakini hatuwezi kupunguza muda huo. Njia nzuri ni kuja asubuhi kutoka karibu, au kutuachia gari.

Ni sehemu gani zifunikwe?

Jibu hutegemea gari, lakini kuna za kufunika karibu kila mara.

Ya kwanza ni oltaneta, inayochaji betri. Ina matundu ya kupitisha hewa, na ndani yake kuna nyaya za shaba, brashi na vifaa vidogo vya umeme. Maji machache yatakauka. Maji yenye sabuni na matope hubaki humo na kula brashi, nawe utaliona tatizo miezi miwili baadaye wakati betri haichaji, wala hutakumbuka siku ya kuosha. Mara nyingi oltaneta iko chini upande wa mikanda, kwa hiyo itafute kwanza, usikisie.

Ya pili ni mdomo wa kuvutia hewa na sanduku la eaklina, yaani chujio la hewa, pamoja na sensa ya hewa iliyo karibu nalo. Ya tatu ni koili za plagi. Kwenye Probox, Fielder, Vitz na ndugu zao wengi, koili tatu au nne zimesimama juu ya injini, kila moja ndani ya shimo lake, na maji yakiingia shimoni hayana pa kutokea. Ya nne ni sanduku la fyuzi na rilei. Kifuniko chake hutosha kwa matone, si kwa maji mengi. Ongeza kompyuta ya injini kama imewekwa mle ndani, na king'ora chochote kilichofungwa hapa nchini baada ya gari kuja. Nyaya za king'ora hiki mara nyingi zimesokotwa na kufungwa teipu tu, na ndizo zinazotutia wasiwasi kuliko zote za kiwandani.

Hakikisha pia kifuniko cha oili, dipstiki, na kifuniko cha mafuta ya breki vimekaza. Mafuta ya breki hunyonya maji, na yakishanyonya huchemka mapema ukikanyaga breki mteremkoni.

Nifunike kwa kitu gani? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku.

Ndiyo, tangu tarehe 28 Agosti 2017. Sisi hutumia karatasi za mkate ambazo tayari ziko nyumbani, foili ya jikoni kwa vitu vyenye umbo gumu, na vipande vya koti la mvua lililochakaa. Vya kufungia ni utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli: hunyumbulika, hauachi gundi, na mtu wa pancha atakupa bure. Teipu huacha gundi, na gundi hushika vumbi.

Hesabu vifuniko ulivyoweka, kisha uvihesabu tena ukivitoa. Kipande kilichosahaulika kinaweza kumezwa na mkanda au kuyeyukia egzosti.

Betri ifunguliwe?

Kwa injini ya petroli ya kawaida tunapendelea kufungua teminali hasi, kwa spana nambari 10, tukaifunika kwa kitambaa isiguse tena. Lakini tunauliza kwanza. Redio za baadhi ya magari ya Japani hujifunga betri ikifunguliwa, zikadai namba ambayo mwenye gari hana. Magari mengine, injini huunguruma juu juu kwa siku moja hivi mpaka kompyuta ijifunze upya. Ukituambia hutaki ifunguliwe, tutazima gari, tutaondoa ufunguo, na tutatumia maji kidogo zaidi.

Mashine ya presha inafaa?

Kwa mwili wa gari, ndiyo. Chini ya boneti, sisi tuliiacha, na sababu yake ninaijua vizuri kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Miaka ya kwanza niliosha injini ya Probox kwa mashine. Mwenye gari alikuwa na haraka ya kupeleka maziwa, nami nilitaka aone thamani ya pesa yake. Nilisogeza mdomo wa mashine karibu na koili ili nitoe tope lililokuwa limeganda kati yake. Lilitoka lote, injini ikang'aa, akawasha, akaondoka. Alifika Kiboswa gari likaanza kutetemeka na taa ya injini ikawakawaka. Tulipotoa koili ya pili tulikuta plagi imesimama ndani ya maji ya kahawia kimo cha vidole viwili. Maziwa yake yaliharibika siku hiyo. Nililipa, lakini nilichojifunza kilikuwa kikubwa kuliko nilicholipa.

Mashine nyingi za kuoshea husukuma maji kwa presha ya bar 100 na zaidi, ilhali mpira wa bustani hautoi hata bar 5. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumwagilia na kuchoma sindano. Mtu mwenye mkono mtulivu, akisimama mbali zaidi ya mita moja na kutandaza maji kama feni, anaweza kuitumia chini chini kwenye fremu na karibu na magurudumu. Juu ya injini, hapana. Mvuke nao husifiwa kwa kutumia maji machache, lakini bado ni presha na joto, na ukiusogeza karibu na soketi utapenya vilevile.

Naosha nyumbani, sina mashine wala mpira. Nifanyeje?

Wewe ndiye mwenye bahati, kwa sababu ndoo ni salama kuliko vyote. Mtungi wa lita 20 unatosha na kubaki.

Anza pakavu. Kwa brashi ya rangi iliyo kavu ondoa majani, vumbi na mchanga, hasa kwenye ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Majani yakiziba hapo, maji ya mvua huingia hadi miguuni mwa abiria. Funika yale tuliyoyataja. Nyunyiza sabuni kwa chupa ya kunyunyizia ukianzia chini kupanda juu, ili sabuni isitiririke juu ya sehemu kavu na kuacha michirizi. Acha dakika tatu hadi tano, isikauke. Sugua kwa brashi, na mswaki uliochakaa kwenye pembe. Kisha suuza ukianzia juu kushuka, kwa kopo lenye matundu la kumwagilia mboga, au kwa sifongo inayokamuliwa palepale. Karibu na koili na fyuzi usimwage kabisa: pangusa kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa.

Kama tope ni la miaka kumi, usitake limalizike siku moja. Rudia wiki ijayo. Anayelazimisha ndiye huishia kuchokoa waya kwa bisibisi.

Sabuni gani? Wengine hutumia mafuta taa na hung'aa sana.

Hung'aa, ni kweli, na ndiyo hatari tunayopigana nayo zaidi ya zote. Mafuta taa huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto yakifika takriban digrii 40. Injini iliyozimwa robo saa iliyopita ina joto zaidi ya hapo. Ongeza cheche moja kutoka teminali ya betri iliyolegea na umepata moto chini ya boneti, ukiwa umeinamisha uso juu yake. Petroli ni mbaya zaidi, maana hiyo haingoji joto lolote. Tafadhali usimruhusu mtu yeyote aoshe injini yako kwa petroli, hata akikuambia amefanya hivyo miaka ishirini.

Hata pasipowaka moto, mafuta haya huingia kwenye raba. Paipu nyingi za rejeta ni za raba isiyopatana na mafuta ya petroli wala mafuta taa. Hufura, hulegea, kisha siku moja hupasuka ukiwa unapanda na mzigo.

Sabuni ya unga ya kufulia husafisha lakini huacha ukungu mweupe kwenye soketi na alumini, na chembe zisizoyeyuka hukaa kwenye mikanda. Kostiki soda isikaribie injini kabisa: hula alumini, na injini nyingi za siku hizi zina alumini. Kinachofaa ni dawa ya kuondoa grisi inayochanganywa na maji, ile isiyo kali, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukikosa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, inatosha kwa uchafu wa kawaida. Vaa glavu. Oili iliyochakaa si kitu cha kukaa kwenye ngozi.

Gari langu ni haibridi, la petroli na umeme. Mnaosha?

Tunapangusa. Hatumwagi maji.

Nyaya nene za rangi ya chungwa zilizo chini ya boneti hubeba umeme mkali. Betri kubwa ya Toyota Aqua ni volti 144, na mfumo wake huupandisha umeme huo hadi kufikia volti 520. Ni umeme wa kuua. Kiwandani umefungwa vizuri, lakini gari likishagongwa na kunyooshwa, nani anajua kifuniko kipi kilirudishwa vibaya? Jambo la pili, injini ya haibridi inaweza kujiwasha yenyewe kama taa ya READY inawaka, hata kama gari liko kimya kabisa. Kwa hiyo tunalizima, tunampa mwenyewe ufunguo akae nao mbali, na kazi yote hufanywa kwa vitambaa vyenye unyevu na brashi. Kifaa chochote chenye nyaya za chungwa hatukigusi.

Na pikapu ya zamani ya dizeli, au trekta la shamba la miwa?

Hizo huvumilia zaidi kwa kuwa hazina koili wala sensa nyingi. Linda oltaneta, stata na mdomo wa hewa. Maji yakimezwa na injini kupitia mdomo wa hewa, pistoni haiwezi kuyabana kama hewa, na kinachopinda ni koneti, ule mkono unaoshika pistoni. Trekta linalotoka mashambani Muhoroni au Chemelil huwa na majani makavu ya miwa yaliyobanana karibu na egzosti. Yaondoe kwa mkono kabla ya maji, tena usisubiri siku ya kuosha.

Nitakaushaje?

Hapa ndipo wengi hukosea baada ya kufanya mengine yote vizuri. Toa vifuniko, halafu tumia hewa ya kompresa, kwa presha ndogo, kutoa maji kwenye mashimo ya koili, nyuma ya soketi na juu ya betri. Huna kompresa? Kitambaa na subira. Jua la Kisumu saa sita, boneti ikiwa wazi, hukausha vizuri kwa saa mbili; siku ya mawingu ya Julai, ongeza. Rudisha teminali ya betri, washa injini ikiwa imesimama, iache iungurume dakika kumi hadi kumi na tano, boneti wazi. Joto lake litamaliza unyevu uliobaki. Mvuke mweupe ukipanda kutoka kwenye egzosti usiogope.

Usioshe jioni kisha ukaegesha. Unyevu utalala humo usiku kucha.

Gari linamisi, yaani linatetemeka kwa sababu silinda moja haiwaki, baada ya kuoshwa. Nifanyeje?

Zima. Usilazimishe kufika nyumbani. Silinda isiyowaka hutupa petroli mbichi kwenye katalitiki, kile kichujio cha moshi kwenye egzosti, nayo huwaka humo ndani na kuichoma. Taa ya injini inayowakawaka ndiyo inayokuambia hivyo.

Mara nyingi ni maji kwenye shimo la koili. Fungua boliti ya koili, ambayo kwa kawaida ni ya spana nambari 10, vuta koili juu taratibu, kausha shimo kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti au kwa hewa, kausha na raba ya koili, rudisha. Fanya moja baada ya nyingine usichanganye soketi. Usitoe plagi yenyewe wakati shimo lina maji, kwa sababu maji yatashuka ndani ya silinda. Likiendelea kumisi, fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari atapata namba ya hitilafu: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea hivyo. Namba hiyo hukuepusha kununua koili nne wakati mbovu ni moja.

Likikataa kuwaka kabisa, anza na sanduku la fyuzi. Lifungue, liache juani.

Mkanda unalia kama ndege.

Ni maji au sabuni kwenye mkanda. Ukinyamaza ndani ya dakika chache, yamekwisha. Ukiendelea hadi kesho, mkanda ulikuwa umechakaa tangu hapo, au mtu ameupulizia polishi.

Mnapaka dizeli injini ing'ae baadaye?

Hapana, hata ukiomba. Ni kweli inang'aa, kwa siku mbili. Siku ya tatu vumbi limeshagandia na uko pabaya kuliko ulipoanza, na raba zimeshakunywa mafuta. Polishi ya plastiki inayochanganywa na maji tunaipaka kwa kitambaa kwenye vifuniko vya plastiki peke yake, kamwe si kwenye mkanda wala karibu na egzosti.

Wadudu wa ziwa wamejaa kwenye rejeta.

Wakazi wa kando ya ziwa wanalijua hili. Wadudu hupanda juu ya maji kama moshi, unawapita usiku, na asubuhi rejeta imevaa blanketi la kahawia. Hewa haipiti, na mshale wa joto hupanda kwenye foleni. Walowesheni kwa maji mengi yasiyo na presha, ngoja dakika tano walainike, kisha suuza kutoka upande wa injini kuelekea nje, warudi walikotoka. Ukipiga kutoka mbele unawashindilia. Mapezi ya rejeta ni membamba kama karatasi, na mashine ya presha huyalaza kwa sekunde moja. Yakishalala, hewa haipiti tena hadi yanyooshwe moja moja.

Panya wanakula nyaya. Kuosha kutasaidia?

Kunasaidia kiasi. Panya hufuata njia aliyoiachia harufu jana, na kuosha huondoa harufu, mkojo na mabaki ya mahindi aliyohifadhi. Lakini ghala likiwa karibu na gari atarudi. Kabla ya kuosha angalia kiota, na kabla ya kuwasha asubuhi gonga boneti mara mbili. Paka hulala mle kwa ajili ya joto.

Niioshe mara ngapi?

Kwa gari la mjini, mara moja kwa mwaka inatosha, na mara mbili kwa la barabara za vumbi. Sisi hupendekeza mwishoni mwa Februari, vumbi la kiangazi likiwa limekoma na mvua ndefu hazijaanza, kisha Juni baada ya matope. Ndugu zetu wa Nakuru na Njoro wana vumbi la aina nyingine, jepesi kama unga, la udongo wa volkeno, linaloingia hadi penye nyuzi za boliti; wao wabadilishe au wapulize eaklina mara nyingi kuliko wanavyoosha. Anayeosha injini kila wiki anatafuta matatizo.

Nanunua gari, injini inang'aa kama mpya. Nifurahi?

Subiri kwanza. Muuzaji mwaminifu huosha gari, na mwenye kuficha oili inayovuja naye huosha. Omba uliendeshe nusu saa, kisha uinamie na tochi chini ya tapeti kava na kuzunguka sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Bora zaidi, rudi baada ya siku mbili tatu likiwa limetumika. Injini iliyo kavu na yenye vumbi jepesi ni ushahidi mzuri kuliko inayong'aa.

Kwa nini nisipeleke ziwani tu, ambako ni bei nafuu?

Vijana wa kule tunawaheshimu, ni kazi ngumu na wamelea familia kwayo. Lakini ziwa si mahali pa kuoshea injini, na tutasema bila kuficha.

Uchafu wa boneti ni oili, grisi na kulant. Ukimwagwa ufukweni unabaki katika Ghuba ya Winam, ghuba ileile tunakovua ngege na omena, na ambako mji huchota maji. Mfereji wa mtaa nao si dawa: huingia mito ya Kisat na Auji, nayo huishia ziwani. Nakuru ni hatari zaidi, kwa sababu Ziwa Nakuru halina mto wa kutoa maji nje, kinachoingia kinabaki. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kumwaga uchafu wa namna hii bila kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na hata zisingekuwepo, sisi ndio tunaokula samaki.

Kisha fikiria mwoshaji mwenyewe. Waosha magari wa Kisumu wanaosimama majini wamechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kwa sababu ya kichocho cha utumbo. Wadudu wake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mguu. Mtu hutibiwa, akapona, akarudi kazini majini, akaambukizwa tena.

Hapa kwetu maji ya injini hupita kwenye shimo lenye vyumba viwili; oili huelea chumba cha kwanza, tunaichota kwa kopo na kuiweka kwenye pipa. Nyumbani, tandika gunia lenye vumbi la mbao chini ya gari, lishike oili, na usioshee karibu na kisima.

Nikileta gari, niwaambie nini?

Tuambie kama limewahi kugongwa mbele, kama lina king'ora kilichofungwa hapa, kama redio hujifunga, na kama kuna taa yoyote inayowaka kwenye dashibodi. Tutalipiga picha chini ya boneti kabla ya kuanza, nawe uwe umesimama hapo. Na ukipenda kukaa uangalie hadi mwisho, kiti kipo. Njoo na tochi, maana tukimaliza tutakuonyesha kila mahali palipokuwa na oili, na utapiga picha zako mwenyewe za kumpelekea fundi.